Jibu: Kuwapeleka wapishi wa shule kwenye mafunzo kuna faida gani?

Ndugu mjumbe, umeuliza kama kamati yenu ya shule itenge fedha za kuwafundisha wapishi ilhali wengi wao huondoka baada ya mwaka mmoja au miwili. Nilikuwa mwalimu msimamizi wa chakula kwa miaka 7 katika shule ya bweni yenye wanafunzi zaidi ya 600, na jibu langu ni kwamba tengeni fedha hizo, ila msianze na mapishi. Wapishi wetu walijua kupika kuliko mtu yeyote aliyekuja kuwakagua.

Kilichotufumbua macho ni maharage. Yalipikwa jioni ili kubana kuni, yakaachwa yamefunikwa hadi kesho yake, yakapashwa kidogo na kugawiwa mchana. Kufikia usiku wanafunzi zaidi ya 40 walikuwa wanaharisha. Mpishi mkuu aliapa kwamba yalichemka vizuri, na alisema kweli. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba vimelea vingine huacha mbegu zinazostahimili mchemko, na kwamba sufuria ya lita 200 iliyofunikwa hukaa vuguvugu usiku kucha, kati ya nyuzijoto 5 na 60, hali ambayo vimelea hivyo huipenda kuliko zote. Alikuwa na cheti cha kupimwa afya, kile cha kila miezi 6, na sisi viongozi tulidhani cheti hicho kinatosha.

Baada ya hapo bwana afya alikaa nasi jikoni siku mbili. Tulinunua kipimajoto cha chakula, tukafungua daftari la kuandika saa, joto na saini ya mpishi wa zamu, na tukakubaliana kwamba chakula kilichoiva kikae juu ya nyuzi 60 hadi kigawiwe, na kiporo kisilale ndani ya sufuria kubwa. Mwanzoni daftari lilijazwa kwa kubuni (kila siku nyuzi 75 kamili!), mpaka nilipoanza kupima mwenyewe mbele yao bila kumgombeza mtu.

Hata hivyo, ningekuwa na fedha za mafunzo ya mtu mmoja tu, ningempeleka mtunza stoo. Mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, hayatakaswi na moto, kwa hiyo mpishi awe hodari kiasi gani hawezi kuokoa ugali ulioharibikia ghalani. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya kawaida ya nyumbani. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumu yenyewe hupimwa maabara, lakini unyevu unaweza kuupima getini, gunia kwa gunia, kwa kifaa ambacho sisi tulikiazima kwa afisa ugani. Magunia yakaanza kupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta. Muhimu zaidi, tuliandika katika mkataba wa mzabuni kwamba mtunza stoo ana mamlaka ya kukataa mzigo bila kungoja mkuu wa shule. Kabla ya hapo alikuwa akiona ukungu, anasaini, kwa kuwa gari limeshafika na watoto wana njaa. Kumfundisha mtu kutambua kasoro huku mnamnyima ruhusa ya kuikataa ni kumwonea.

Sasa hofu yako ya wapishi kuondoka. Ulizieni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ambapo mpishi aliyejifunzia kazini hupimwa, huzibwa mapengo yake na kupewa cheti. Wetu wawili walikipata, na kweli mmoja alichukuliwa na hoteli mwaka uliofuata. Kipimajoto na daftari alimkabidhi msaidizi wake, ambaye alikuwa ameshavitumia muhula mzima pembeni yake.