Kabla Hujagusa Skrubu ya Pampu

Juzi kijana mmoja aliyeko Texas kaniandikia: “Kaka, nimepata M35A2 mnadani, lile lori la zamani la jeshi la Marekani. Gari tupu lakini linajikokota kama limebeba kontena. Skrubu ya pampu, ile ya kuongeza mafuta, niifungue nusu au mzunguko mzima? Na oili chafu ya injini nataka kuichanganya kwenye tangi, maana injini hii inakula chochote.”

Mdogo wangu, hongera kwa lori. Maswali ya namna hii yananijia kila wiki tangu niweke video ya langu likipanda mlima na shehena ya kuni bila moshi mweusi. Kila mtu ameuona mlima, hakuna anayeuliza kilichotangulia.

Langu nililinunua likiwa limetelekezwa na jeshi, hapa Minnesota. Ndani mna ile injini ya LDT-465: silinda sita, lita 7.8, turbo, umeme wa volti 24. Jeshi la Marekani lilitaka injini isiyochagua chakula, inywe dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli shida ikizidi. Kwa hiyo wakachukua mfumo wa uchomaji wa M.A.N. wa Ujerumani, ambao mafuta hutandazwa kwenye ukuta wa kibakuli kilicho kichwani mwa pistoni, yakageuka mvuke humo kabla ya kuwaka. Injini ya heshima kabisa. Ila heshima hiyo imezungukwa na vifaa vidogovidogo vya mafuta, na hivyo ndivyo vinavyozeeka.

Langu lilikuwa zito, likitoa moshi, na kila nikichomoa stiki ya oili naikuta imepanda. Oili inayopungua naielewa. Inayopanda? Nikainusa: dizeli. Nikalipeleka gereji moja inayojiita ya wataalamu. Fundi hakufungua hata kifuniko. Alinisikia lafudhi, akazunguka lori mara moja, akasema pampu imekufa, na bei aliyotaja ingeninunulia lori la pili. Nilimshukuru nikaondoka. Mpaka leo nikipita pale nahisi mkono wangu unatafuta honi.

Pampu haikuwa imekufa. Mkosaji wa kwanza alikuwa kile kichomeo kidogo kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kazi yake ni kurusha dizeli na kuiwasha ili kupasha hewa asubuhi za baridi. Vali yake ikichoka, mafuta hudondoka humo hata gari likiwa limezimwa, yanapenya kwenye ringi, yanaishia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nilikiondoa, nikaziba mirija yake yote kwa plagi za chuma, na kwa baridi ya huku nikafunga hita ya umeme ya kupasha maji ya injini. Usizibe kwa mpira na kipande cha waya. Nimeshawaona wanaofanya hivyo.

Mkosaji wa pili ni FDC (fuel density compensator, kifidia uzito wa mafuta), kile kikasha kilichoshika ubavu wa pampu. Mafuta mepesi yana nguvu ndogo kwa kila lita, basi FDC huyahisi na kusogeza kikomo cha pampu ili iongeze kiasi, nguvu ibaki ileile. Wazo zuri, ila sili zake ni za zamani. Dizeli ya barabarani ya Marekani ilishushwa salfa hadi sehemu 15 kwa milioni kuanzia 2006, na sili zilizozoea dizeli ya zamani mara nyingi husinyaa zikikutana na hii, zikaanza kuvuja. Wengi wetu tumeipita FDC: njia yake inazibwa, mafuta yanatoka kwenye filta moja kwa moja hadi kwenye pampu. Ukishafanya hivyo, kikomo kimesimama mahali pamoja, na hapo ndipo skrubu yako inapoanza kuwa na maana. Umeona? Unaniuliza juu ya paa na hujachimba msingi.

Halafu filta. Makopo matatu yote, nayo hayana gharama. Badilisha, toa hewa kwenye vali zake za juu, legeza nati za mirija kwenye nozeli, piga stata mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha kaza. Usiweke kidole mbele ya nozeli inayorusha. Dizeli ya shinikizo lile inapenya ngozi na unaweza kuupoteza mkono. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi nayo isikilize. Ukiwasha swichi usisikie kitu, imekwenda.

Sasa skrubu. Nunua kwanza geji ya joto la ekzosi, kipimio chake kikae kabla ya turbo. Bila geji sitaki hata kusikia habari za skrubu. Ongeza kidogo kidogo, nenda barabarani ukiwa na mzigo, tafuta mlima, tazama sindano. Mimi sipitishi nyuzi 650 za Selsiasi. Sindano ikikaribia hapo, punguza gia, achia mguu. Na gavana, kile kidhibiti kasi ya injini, muache hapo alipo, mizunguko 2,600 kwa dakika. Konrodi za injini hizi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, haziko tayari kwa zaidi ya hapo, na zikikatika zinatokea ubavuni mwa bloku.

Vijana mnapenda nguvu kabla ya usafi, nami nimechoka kuwaambia. Mnataka moshi wa kupigia picha. Ule moshi ni dizeli uliyoilipia ikitoka bila kuchomwa. Skrubu yangu imeguswa kidogo tu, asilimia kubwa ya nguvu mliyoiona kwenye ule mlima ilitoka kwenye filta na mirija isiyovuja.

Kuhusu oili chafu ya injini uliyosema unataka kuichanganya kwenye tangi kwa kuwa “injini hii inakula chochote”: isipochujwa vizuri, uchafu wake unakwangua kichwa cha pampu mpaka kinakwama, na hicho ndicho kipande cha bei kuliko vyote. Anza na stiki ya oili kesho asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikinuka dizeli, usiliwashe hilo lori hadi uijue inakotoka.