Deseti rozi yangu imebaki kijiti, niitupe?

SWALI: Habari za kazi, mi niko Ngaramtoni, mwezi wa tatu nilinunua deseti rozi kwa wauza miche wa barabarani, ilikuwa na maua ya pinki mpaka majirani wanasimama getini kuuliza. Saa hii mwezi wa saba majani yote chini, limebaki shina nene kama kiazi, namwagilia kila jioni lakini wapi. Mume wangu anasema nimepigwa, eti ni mti wa Thailand hauwezi baridi yetu. – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, hujapigwa, ila hiyo ndoo weka chini kwanza. Mmea umelala tu. Baridi ya Juni na Julai huko kwenu ikiukuta unadondosha majani, na hilo shina nene ndo tangi lake la maji, sasa wewe unajaza tangi ambalo halitumiki, ndo kuoza kunaanzia hapo. Hebu libonyeze kwa kidole karibu na udongo: likiwa gumu liko hai, acha maji kabisa, hamishia barazani penye jua mvua isipofika. Likibonyea kama parachichi lililopitiliza, ng'oa, kata sehemu iliyooza mpaka ukute nyama nyeupe safi, acha kivulini kama wiki kidonda kikauke halafu panda upya kwenye mchanga na kokoto, chungu kiwe na matundu. Ule udongo mweusi wa migombani ni mtamu kwa ndizi, kwa huyu unashika maji mno.

Mzee naye ana nusu ya ukweli, yale yenye petali za kupandana mengi wamezalisha huko Asia na yanaunganishwa kwenye shina lingine. Lakini deseti rozi lenyewe, yaani waridi la jangwani, ni la kwetu Afrika, limeota porini sehemu kavu mpaka Uarabuni, hata jina lake la kitaalamu, Adenium, limetokana na Aden ya Yemen. Kule porini mara nyingi linachanua likiwa halina jani hata moja. Wahadzabe wa Eyasi wanachemsha utomvu wake kupata sumu ya mishale, kwa hiyo ukikata vaa glavu, nawa mikono, na hao watoto wawili pamoja na mbuzi wakae mbali nalo.

Joto likirudi ukaona vichipukizi vya kijani nchani, anza kumwagilia mara moja kwa wiki, udongo ukauke kwanza.