Wareno na Kilwa, 1505
Swali ni kama Wareno waliiteka Kilwa kweli, au ni hadithi ya gemu la kompyuta la Age of Empires II tu. Ndiyo, ni kweli. Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, aliingia Kilwa Julai 1505, kwa hiyo kampeni yake kwenye gemu hilo haijazua jambo hilo. Ila usifikirie mapigano makubwa kama ya kwenye gemu: Sultani Ibrahim alikimbia, mji ukaporwa, Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni. Waliopigana kufa na kupona ni Mombasa, mwezi uliofuata. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka Kilwa.

Halafu lile Gereza, yaani ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani unayoikuta ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, lenye kuta za matumbawe zilizoliwa na mawimbi upande wa bahari, sehemu kubwa walijenga Waomani baadaye. Sisi wa huku inatuuma kusikia linaitwa ngome ya Wareno tu.