Mbwa kujikuna usiku kucha
Pole sana ndugu, umeeleza kuwa mbwa wako anajikuna usiku kucha na kulamba miguu mpaka manyoya yanageuka rangi, ukauliza kama ni aleji; mara nyingi ni aleji kweli. Ila anza na viroboto, maana mbwa mwenye aleji na mate ya kiroboto hata wachache tu wanamtesa, mwangalie hasa mgongoni karibu na mkia, tibu wanyama wote hapo nyumbani na matandiko yake fua kwa maji ya moto. Bado tu? Basi jaribu kumbadilishia chakula uone kama ndicho kinachomsumbua, mpe nyama ya aina moja ambayo hajawahi kula, wiki 8 bila makombo yoyote ya chakula kingine (hapo ndo wengi tunafeli). Masikio yakinuka wahi kwa daktari wa mifugo, na tafadhali usimpe dawa za binadamu kwa kukisia.