Dakika Mbili za Giselle: Kwa Wanaoanza Kulinganisha Wachezaji wa Baleti kwenye Skrini

Mgeni wa baleti akikaa mbele ya skrini kwa nia ya kulinganisha wachezaji, mara nyingi huanza na swali moja: nani bora? Anafungua rekodi tatu za Swan Lake, anahesabu mizunguko, anampa ushindi asiyeyumba, basi, kazi imekwisha. Hiyo ni kazi ya refa. Swali lenye tija ni jingine: mahali hapa mtunzi wa hatua ameacha nafasi gani, na mchezaji huyu ameitumiaje? Huwezi kulijibu bila kwanza kutenga yasiyo ya mchezaji. Hatua zilitungwa na mtu mwingine. Toleo, yaani jinsi baleti ilivyopangwa jukwaani, ni la kampuni ya baleti. Mwendo wa muziki uko mikononi mwa kiongozi wa okestra kwa kiasi kikubwa, na unachokiona kimechaguliwa na aliyeshika kamera. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chake, na huwa ni kidogo kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nasema tazama kidogo, lakini kwa karibu.

Kwa anayeanza ningependekeza Giselle kabla ya baleti nyingine yoyote. Ilionyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841, Carlotta Grisi akiwa Giselle, kwa muziki wa Adolphe Adam. Hadithi yake haihitaji kijitabu cha maelezo. Giselle, msichana wa kijijini, anampenda Albrecht, kijana anayejifanya mkulima, kumbe kijana ni wa ukoo wa watawala na ana mchumba. Siri inapofichuka msichana anarukwa na akili na kufa. Katika sehemu ya pili yumo miongoni mwa Wili, mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya kuolewa, ambao usiku huwachezesha wanaume mpaka wafe.

Rekodi zake ni nyingi. Galina Ulanova alipigwa filamu London mwaka 1956 Bolshoi, kampuni ya baleti ya Moscow, ilipozuru huko, na Carla Fracci na Erik Bruhn wamo katika filamu ya 1969. Kutoka Royal Ballet ya Uingereza kuna Alina Cojocaru na Johan Kobborg wa 2006, Natalia Osipova na Carlos Acosta wa 2014, kisha Marianela Nuñez na Vadim Muntagirov wa 2016. Hizi tatu za mwisho ni hazina kwa mwanafunzi, maana zote ni toleo la mwongozaji Peter Wright: kampuni ile ile, hatua zile zile. Tofauti utakayoiona kati ya Cojocaru na Osipova huwezi kuisingizia toleo.

Itazame baleti nzima kwanza, mwanzo hadi mwisho, bila kusimamisha. Wengi huruka hatua hii kwa sababu vipande vifupi vimejaa mtandaoni, matokeo yake wanamjua mchezaji kwa rukio moja wala hawajui alikuwa anamkimbia nani. Ukishaitazama nzima, chagua dakika mbili tu.

Dakika mbili ninazozipenda ziko kwenye wazimu wa Giselle mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Mapema katika sehemu hiyo aliokota ua akawa anang'oa petali moja baada ya nyingine: ananipenda, hanipendi. Akaona jibu linaelekea kubaya. Albrecht akalichukua ua, akatoa petali moja kwa siri, hesabu ikatoka nzuri. Sasa, akiwa amerukwa na akili, Giselle anashika ua lisilokuwepo na kuirudia hesabu ile, na muziki wa wakati wa raha unarudi nao ukiwa umekatika vipande.

Simamisha hapo uangalie macho. Wako wachezaji wanaotazama vidole vyao kana kwamba ua lipo kweli. Huyo ni mtu anayeona yasiyoonekana, ameshaondoka duniani kwetu. Wako wanaonyanyua macho kuelekea pale Albrecht alipokuwa ameketi. Huyo hajapotea, anakumbuka, na anajua vizuri alichofanyiwa. Halafu wako wanaotupa petali za kubuni haraka haraka, kama anayetaka kufika kwenye jibu kabla halijamfikia. Mikono inafanya kitu kile kile, lakini wagonjwa ni watatu tofauti. Kisha nenda hatua moja mbele, pale anapojaribu kurudia dansi aliyoicheza na Albrecht. Miguu yake iko nyuma ya muziki au mbele yake? Kuchelewa huonyesha mwili uliosahau. Kuwahi huonyesha mwili unaokimbizwa. Ukiweza kuliona hilo kwa mchezaji mmoja, rudi kwa mwingine, utaona mambo ambayo hukuyaona mara ya kwanza.

(Nywele zake zinapofunguka na kumwagika mabegani, usimpe mchezaji alama za uigizaji. Mara nyingi ni mama yake Giselle aliyezifungua kwa ufundi akiwa amemkumbatia.)

Jambo la toleo ndilo linalowaponza wageni kuliko yote. Katika toleo la Wright Giselle anajichoma kwa upanga. Katika matoleo mengine mengi ni moyo wake dhaifu unaomshinda. Sasa mchezaji anayeshika kifua tangu mwanzo wa baleti na kupumua kwa shida anaandaa kifo cha moyo. Mwenzake asiyefanya hivyo si kwamba hana hisia, huenda kifo anachokiendea ni kingine. Kabla ya kulinganisha watu wawili, hakikisha wanakufa kifo kimoja.

Swan Lake ina mitego ya namna hiyo kila kona. Toleo ambalo karibu yote ya leo yanalichota ni la watunzi wa hatua Marius Petipa na Lev Ivanov la 1895, lililochezwa St. Petersburg na Pierina Legnani. Humo Odette, msichana aliyegeuzwa batamaji na mchawi, anamsimulia mwana wa mfalme kisa chake kwa ishara za mikono: ziwa hili ni machozi ya mama yangu. Enzi ya Kisovieti ishara hizo ziliondolewa na mahali pake pakawekwa dansi. Nimeona watu wakimlaumu mchezaji wa Urusi kwamba “hasimulii”, wakati toleo lake halina hata ishara moja ya kusimulia. Miisho nayo hutofautiana: kuna toleo ambamo wapenzi wanajitupa ziwani, na kuna la Kisovieti ambamo uovu unashindwa nao wanabaki hai. Odette anayeelekea kwenye ushindi hana sababu ya kuigizwa kama anayeelekea kwenye kifo.

Kuhusu ile mizunguko 32 ya mguu mmoja ya Odile, binti wa mchawi anayejifanya Odette, Legnani ndiye aliyeifanya kuwa desturi. Maya Plisetskaya, mmoja wa wachezaji wakubwa wa karne ya 20, hakuicheza. Mahali pake alizunguka jukwaa zima kwa mizunguko ya kasi. Kwa hilo hakuacha kuwa Odile. Kama unataka kumjua Odile, acha mizunguko, tazama pale anapoiga mikono ya Odette ili kumdanganya mwana wa mfalme. Mchezaji ni mmoja kwa nafasi zote mbili, kwa hiyo anajiiga mwenyewe. Je, anaiga sawasawa kiasi kwamba hata wewe unaingia mtegoni, au anaongeza chumvi kidogo ili hadhira icheke na kijana aonekane mjinga? Mimi napenda ya kwanza. Ya pili humfanya mwana wa mfalme kuwa zuzu, na baleti nzima inapungua uzito.

Jifunze pia ishara chache, hazizidi dakika kumi. Kugusa kidole cha pete ni ndoa. Mikono ikizungushwa juu ya kichwa ni kucheza dansi. Ngumi zinazopishana na kushuka mbele ya mwili ni kifo. Vidole viwili vikiinuliwa juu ni kiapo. Bila hizo utadhani Bathilde, yule mchumba wa Albrecht, anajisifia mkono wake, kumbe anamwambia Giselle: huyu ni mchumba wangu.

Sasa kamera. Fred Astaire, mcheza dansi wa filamu za Hollywood, alitaka mwili wake wote uonekane kwenye filamu, kichwa hadi miguu, na mtu wa baleti anaelewa sababu. Picha ya karibu inakupa jicho na kukunyang'anya mguu. Katika sehemu ya pili ya Giselle, Wili wanavuka jukwaa katika safu mbili zinazopishana, mguu mmoja nyuma, wakirukaruka juu ya mguu uliobaki. Mwongozaji akikata kwenda kwenye uso wa malkia wao Myrtha, mchoro wote wa jukwaa umekwenda na hautarudi. Usiandike kwamba kundi halikuwa na mpangilio kama hukuonyeshwa kundi. Vipaza sauti navyo viko karibu na jukwaa, vikakuletea kishindo cha viatu ambacho aliyekaa mbali ukumbini hakisikii kwa kiasi hicho, nawe unahitimisha kwamba mzimu huyu ni mzito. Vipodozi na nyuso zimepangwa zimfikie mtu wa kiti cha nyuma kabisa. Ukiziona kwa umbali wa kiganja zitaonekana zimezidi, na hilo si kosa la mchezaji.

Lakini kuna mahali ambapo kamera na mchezaji wanakuwa kitu kimoja, na hapo ndipo panaponivutia zaidi. Katika Romeo and Juliet ya mtunzi wa hatua Kenneth MacMillan, kwa muziki wa Prokofiev, Juliet wa sehemu ya tatu anaketi ukingoni mwa kitanda akiwatazama watazamaji. Hafanyi lolote. Okestra inapanda, inajaa ukumbi mzima, naye ametulia tuli. Uamuzi wa kwenda kwa padre unafanyika ndani yake. Hakuna hatua za kulinganisha, hakuna mguu wa kupima urefu. Angalia mgongo wake: ameketi wima tangu mwanzo, au ananyooka polepole muziki unavyopanda? Pumzi inaonekana shingoni au imezuiwa? Anakodoa macho mahali pamoja, au kuna dakika anapoonekana kubadili mawazo? Kamera ikimsogelea sana, kitanda kinatoweka na udogo wa msichana ndani ya chumba kikubwa unatoweka nacho. Ikikaa mbali sana, uamuzi hauonekani. Alessandra Ferri yumo katika rekodi ya 1984 akiwa na Wayne Eagling. Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev wamo katika filamu ya Paul Czinner ya 1966. Zitazame zote mbili kwa dakika hiyo tu.

Ukiziangalia, kumbuka kwamba Fonteyn na Nureyev ndio waliocheza usiku wa uzinduzi mwaka 1965, ila MacMillan aliitunga juu ya miili ya Lynn Seymour na Christopher Gable. Kwa hiyo hata rekodi ambayo wageni huichukulia kuwa ndiyo “asili” tayari ni tafsiri. Fonteyn alikuwa amevuka miaka 45, na mguu wake haupandi kama wa wachezaji wa leo, kwa sababu wakati ule haukutarajiwa kupanda hivyo. Urefu wa mguu umebadilika kizazi hadi kizazi kama mtindo mwingine wowote. Ukimpima wa 1956 kwa rula ya 2016 utapata majibu ya rula, hutapata ya mchezaji. Filamu za zamani zisizo na sauti, kama zile za Anna Pavlova, zina shida ya ziada: mara nyingi huonyeshwa kwa kasi kuliko zilivyopigwa, basi mtu anaonekana ana haraka ambayo hakuwa nayo. Humo tazama umbo la mikono na shingo, suala la muda liache.

Kwenye daftari lako, andika vitenzi. “Mzuri”, “wa kuvutia”, “ana hisia” ni maneno ambayo yangemfaa mchezaji yeyote kwenye baleti yoyote. Andika: aliinua kichwa baada ya mkono kufika, alimgeukia mama kabla ya kuanguka, alishusha mguu pamoja na noti ya mwisho, hakuungoja muziki uishe. Weka na dakika ya rekodi pembeni, maana kesho utaanza kubishana na nafsi yako kama kweli uliliona. Na usilinganishe zaidi ya wawili kwa kikao kimoja. Wa tatu hupokea lawama za wawili waliotangulia. Mapitio ya wakosoaji yasome baadaye, ukishaandika yako.

Ukishamchoka Giselle, mhamie Albrecht katika rekodi zile zile. Karibu na mwisho Myrtha amemhukumu acheze hadi afe, na desturi inampa mchezaji njia mbili. Wengine wanaruka papo hapo, wima, mfululizo, miguu ikipishana hewani. Wengine wanasafiri kwa mshazari kumwelekea Myrtha kwa mapigo madogo ya miguu, kisha wanarudi na kuanza upya. Ya kwanza ni mtu anayeteswa mahali alipo, ya pili ni mtu anayevutwa kwa aliyemhukumu. Tafuta rekodi inayoonyesha mwili wote katika sekunde hizo, na umwone Myrtha yuko umbali gani. Baadhi ya waongozaji hukata kwenda usoni mwake hapo hapo, na rekodi ya namna hiyo iweke kando kwa zoezi hili.