Chuuk kwa mara ya kwanza: usitake kuzimaliza meli zote

Kama umeshalipia safari ya kuzamia Chuuk, najua unachofanya usiku. Unasoma majina ya meli zilizozama huko: Fujikawa Maru, Shinkoku Maru, Heian Maru, San Francisco Maru. Kila jina unalipiga tiki. Hata mimi nilifanya hivyo, na orodha ile ndiyo iliyoniharibia safari ya kwanza. Nimerudi mara mbili tangu siku hizo, na haya ninayokuandikia ni yale ambayo ningeshukuru kama mtu angenivuta sikio mapema.

Anza kwa kuelewa unakwenda kuona nini. Chuuk, ambayo wazamiaji wengi bado huiita Truk, ni moja ya majimbo manne ya Shirikisho la Mikronesia: visiwa vya vilima vilivyozungukwa kwa mbali na mwamba wa matumbawe, na katikati yake lagoni pana iliyotulia. Japani iliifanya kituo kikubwa cha jeshi lake la majini katika Pasifiki. Tarehe 4 Februari 1944 ndege za upelelezi za Marekani zilipita juu yake. Wajapani wakaelewa kinachofuata, wakaziondoa manowari zao kubwa. Mashambulizi yalipokuja, tarehe 17 na 18 ya mwezi huo huo, zilizobaki bandarini na kuzamishwa zilikuwa hasa meli za mizigo na za mafuta. Ndiyo maana majina mengi yanaishia na Maru, neno ambalo Wajapani huzipa meli za biashara. Na ndiyo maana pia Chuuk si mahali pa kwenda kutazama mizinga mikubwa ya manowari. Unakwenda kutazama shehena: malori, vipande vya ndege, mabomu, chupa, sahani, viatu.

Safari yenyewe haina njia ya mkato. Wengi hupitia Guam, na Guam ni ardhi ya Marekani, kwa hiyo kama pasipoti yako inadai viza ya Marekani, utaihitaji hata kama unabadilisha ndege tu. Nimeona mtu aliyelipia kila kitu akakwama kwa hilo. Ndege za kwenda Weno, kisiwa cha Chuuk chenye uwanja wa ndege, haziruki kila saa. Mzigo ukiachwa nyuma, unaweza kuzamia siku mbili kwa vifaa vya kuazima. Regulata (kifaa cha kupumulia), kompyuta ya kuzamia, miwani na betri zote ziwe kwenye begi la mkononi. Mapezi na suti vinaazimika. Fedha ni dola ya Marekani, beba taslimu.

Watu huniuliza sana kuhusu kichefuchefu. Meli ya wazamiaji, ile mnayolala na kuzamia kutoka kwayo, hukaa ndani ya lagoni karibu muda wote, na mwamba unakata mawimbi. Beba dawa zako ukitaka, lakini kitakachokutesa zaidi ni masikio. Ukiingia majini mara nne kwa siku, katika maji ya nyuzi 28 au 29, njia ya sikio haikauki, ngozi inalainika, na kufikia siku ya tatu inaanza kuwasha. Mwenzangu mmoja wa chumba aliikosa nusu ya safari kwa hilo. Suuza masikio kwa maji yasiyo na chumvi kila unapotoka, yakaushe, na kabla ya kusafiri muulize daktari kuhusu matone ya kukausha. Usichokonoe na pamba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ratiba ya meli hizi za wazamiaji ni ya kutamanisha: mbizi kabla ya kifungua kinywa, nyingine baada yake, nyingine mchana, jioni, na ukipenda usiku. Hakuna anayekulazimisha, ila kengele ikilia na wenzako wakianza kuvaa, kukaa kitini kunahitaji moyo mgumu. Sikuwa nao. Siku ya nne nilikuwa nimeshafanya mbizi zaidi ya kumi, nimelala vibaya, kichwa kizito, nikashuka Fujikawa Maru.

Ni meli nzuri ya kuanzia, nakiri. Imekaa wima, sitaha yake ipo kama mita 18, na mzinga wa omo, yaani wa mbele ya meli, umevaa matumbawe laini hadi unafanana na mti. Ndani ya ngama ya mbele, chumba cha mizigo, kuna viwiliwili vya Zero, ndege za kivita za Kijapani. Sisi tulikwenda chumba cha injini, tukiingilia kwenye madirisha ya paa lake. Kiongozi alipita kama samaki. Mimi pezi langu la kushoto liligusa chini, mara moja tu. Lile vumbi laini lililokaa miaka yote hiyo likainuka polepole kama maziwa yanayochemka. Na juu nako, mapovu ya pumzi yetu yalikuwa yanabandua kutu darini, nayo ikatunyeshea. Nikainua tochi karibu na uso. Nikaona ukuta wa kahawia. Mkono wangu mwenyewe sikuuona.

Kilichoniokoa si ujuzi. Nilishika bomba lililokuwa karibu, nikaacha kupiga miguu, nikahesabu pumzi. Baada ya muda ambao sitaki kuukadiria, upande wa juu pakatokea kibandiko cha kijani kibichi: mwanga wa dirisha tulimoingilia. Nikapanda nao taratibu. Kiongozi alikuwa pale nje ananihesabu kwa kidole.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huku chini mambo yamegeuka: ngamani ndipo pa kuingia kwa adabu, na marejeo ni juu. Kama hujafundishwa kuingia ndani ya meli zilizozama, kaa mahali unapoona mwanga wa kutokea muda wote. Tochi mbili, si moja. Gawa hewa yako mafungu matatu: moja la kuingia, moja la kutoka, moja lisiguswe. Na jifunze kabla ya safari kupiga miguu ya chura, mapezi yakiwa juu na magoti yamekunjwa. Mimi niliyafanyia mazoezi baadaye, kwenye bwawa la kuogelea, watoto wakinicheka.

Lakini kosa langu halikuanzia kwenye pezi. Lilianza asubuhi, nilipovaa suti wakati mwili unakataa. Siku hizi naiacha mbizi moja kila siku, na siku ya nne naacha mbili. Nalala, nakunywa maji, naandika nilichokiona. Naitrojeni, ile inayoingia mwilini kwa pumzi za chini ya maji, nayo inapata muda wa kutoka, maana kila mbizi inaacha masalio yake na ya pili inajenga juu yake. Kompyuta huhesabu hayo, ila haijui kwamba hujalala wala kwamba hujanywa maji tangu jana.

Kuhusu nitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni: ichukue kama una cheti chake, hasa kwa mbizi za kurudiarudia. Pima mtungi wako kwa mkono wako, andika asilimia na kina cha mwisho kwenye utepe, bandika. Mchanganyiko wa oksijeni asilimia 32 unakupeleka hadi mita 33 hivi. Zaidi ya hapo oksijeni ile ile inayokusaidia inakuwa hatari. Meli nyingi za Chuuk zina sehemu zinazopita kina hicho, kwa hiyo sikiliza maelezo ya asubuhi kwa makini na usimfuate mwenye hewa ya kawaida anayeshuka.

Halafu kuna San Francisco Maru. Vifaru vyake vipo sitahani kwenye mita 50 hivi, na kila safari atatokea mtu wa kukwambia ni dakika chache tu. Kwenye mita 50 kila pumzi inakula hewa mara sita ya ile ya juu ya maji, ulevi wa naitrojeni unakuwa dhahiri, na mpaka wa mzamiaji wa kawaida ni mita 40. Usiende safari ya kwanza. Nippo Maru ina kifaru chake sitahani, kwenye kina kidogo zaidi. Shinkoku Maru, meli ya mafuta iliyofunikwa matumbawe, ina meza ya upasuaji ndani na mengi ya kutazama juu kabisa. Heian Maru imelala ubavu, na periskopu za nyambizi zimo humo. Kwa maoni yangu saa moja juu ya Shinkoku, bila haraka, inazidi dakika kumi za kutetemeka penye vifaru.

Jambo la mwisho la chini ya maji ni mikono. Usichukue kitu, sheria ya Chuuk inakataza. Usiguse risasi wala mabomu, kwa sababu umri hauvipi usalama. Viongozi wengine hupanga chupa na sahani juu ya sitaha ili wageni wapige picha, na jambo hilo silipendi hata kidogo. Kikombe kilichobaki jikoni kinasimulia. Kikipangwa mstari na vingine kumi kinakuwa bidhaa ya dukani. Na watu walikufa humu. Niliwahi kuona soli ya kiatu kwenye matope, ndogo kuliko yangu, nikasahau nilichokuwa nakitafuta.

Mbizi ya mwisho iache mapema. Baada ya siku nyingi za kuzamia mfululizo, saa 18 kabla ya kupanda ndege ndicho kiwango cha chini. Mimi natumia saa 24. Itumie siku hiyo kukausha vifaa, kisha shuka Weno. Shule ya Xavier ipo ndani ya jengo ambalo Wajapani walilitumia kwa mawasiliano ya redio, kuta zake ni zege nene ambalo mabomu hayakulivunja. Omba ruhusa, simama nje kidogo, tazama lagoni. Utaona boya moja moja, na utajua kila moja limefungwa wapi.