Swali la Lugha: Ni Mto Teifi, Mto wa Teifi au Mto Afon Teifi?

SWALI: Ninatafsiri kijitabu cha wageni kuhusu mito na mabonde ya kaunti ya Ceredigion, magharibi mwa Wales. Vibao vya huko vimeandikwa "Afon Teifi", nami nimeona tafsiri zenye "Mto wa Teifi" na "Mto Afon Teifi". Lipi ni sahihi? Na "Dyffryn Teifi" na "Cwm Rheidol" niziandikeje?

JIBU: Andika Mto Teifi. Kiswahili hulitaja jina la mto bila kiunganishi, ndiyo maana twasema Mto Rufiji na Mto Tana, kama tusemavyo Mlima Kenya na Ziwa Tanganyika. Ukiweka "wa", neno linalofuata huacha kuwa jina la mto lenyewe na kuwa kitu kinachouhusu mto huo. Utazame mji wa Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara: hakuna mto uitwao Mbu, bali kuna mto wenye mbu. Kwa wingi, hata hivyo, kiunganishi hurudi, kwa hiyo utaandika "mito ya Rheidol na Ystwyth huingia baharini katika mji wa Aberystwyth".

Ama "Mto Afon Teifi", hilo ni kosa la kurudia, kwa sababu afon kwa Kiwelisi ni mto. Huenda mtu akaniuliza mbona twasema Ziwa Nyasa, ilhali nyasa kwa Kiyao ni ziwa. Ni kweli, lakini katika Kiswahili nyasa imekwisha kuwa jina tupu, na wengi wetu hatusikii tena maana yake ya asili. Afon bado ni neno la kila siku huko Ceredigion, na mwenyeji wa Tregaron akisoma tafsiri hiyo ataona umemwandikia "Mto Mto Teifi". Mtafsiri anapaswa kumstahi mwenye jina.

Bonde lina desturi tofauti, nalo hudai kiunganishi: Bonde la Msimbazi, Bonde la Kilombero. Kwa hiyo Dyffryn Teifi ni Bonde la Teifi, au Bonde la Mto Teifi ukitaka kumsaidia msomaji mgeni. Ugumu uko kwenye cwm. Dyffryn kwa kawaida ni bonde pana la mto mkubwa, na cwm ni bonde jembamba lenye miteremko mikali, na Kiswahili sanifu hakina jozi ya maneno inayolingana na hayo sawasawa. Wapo wanaokimbilia "korongo", lakini mimi ningelitunza neno hilo kwa mahali kama Pontarfynach, ambako Mto Mynach hushuka kwa maporomoko ya takriban mita 90 kati ya kuta za mwamba kabla ya kuingia katika Mto Rheidol. Cwm Rheidol iite Bonde la Rheidol, kisha wembamba wake uueleze ndani ya sentensi.

Majina ya miji na vijiji usiyatafsiri kamwe. Aber ni mahali mto unapoingilia baharini au katika mto mwingine, lakini Aberaeron itabaki Aberaeron, na Cwmystwyth, ambacho ni kijiji, hakiwi "Bonde la Ystwyth". Ukipenda kueleza maana, ieleze mara moja tu, jina linapotajwa kwanza.

Upatanisho nao uufuate kwa makini, maana ndipo sentensi ndefu zinapovunjika: "Mto Teifi unaanzia katika maziwa madogo ya milima ya Cambria, unapita Tregaron na Lampeter, na kwa sehemu kubwa ya safari yake ya takriban kilomita 120 unakuwa mpaka wa kaunti, hata anayevuka daraja la Lampeter hujikuta yuko Carmarthenshire." Ukianza na bonde, badili: "Bonde la Teifi linapanuka karibu na Tregaron, ambako lina kinamasi kikubwa cha Cors Caron."